Wimbo Ulioishia Namba Tatu

Mjukuu wangu Idrisa,

Nakusalimu kutoka Croydon. Sisi wazima, na shangazi yako amejifungua binti. Umeniuliza kwa nini situlii redio inapohesabu nyimbo zinazoongoza Marekani.

Baada ya mapinduzi, mimi na kaka yangu Nassor tulipanga chumba hapa London. Mwaka mzima hatukupata habari za mama yetu aliyebaki Unguja. Jumamosi moja ikafika barua, lakini bahasha ilikuwa na mwandiko wa mjomba. Nassor akaogopa, akaikalia.

"Tusikilize redio kwanza," alisema. "Wimbo niupendao ukishika namba moja, Mama yu hai."

Nilizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtangazaji alianzia namba kumi. Alipofika namba tatu, akautaja wimbo wa Nassor. Nassor akazima redio, akajifunika uso.

Nikaichomoa ile barua, nikaipasua bahasha. Mjomba alikuwa ameandika anwani tu; ndani aliandika Mama mwenyewe: "Mnakula nini huko kwenye baridi?"

Nassor alicheka mpaka akalia. Habari njema ilikuwa chumbani tangu asubuhi, nasi tulikuwa tukimngoja mtangazaji atuambie.

Akupendaye daima,
Bibi Salma