Termostati Niliyoing'oa kwa Mikono Yangu

Jumatano, baada ya mvua.

Mtaa wetu wa Ngagara umeoshwa leo, madimbwi mpaka mlangoni. Nimechoka, mikono inanuka gazi, na Mama amelala chumba cha pili akipumua vizuri. Alhamdulillahi. Acha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Aibu yangu ni hii. Juma lililopita niliandika hapa hapa, kwenye ukurasa huu unaosomwa na kila mtu, kwamba Fundi Saidi wa Buyenzi, aliyenifungia mfumo wa gazi, yaani gesi, kwenye gari, ni mbabaishaji. Nikamtaja jina. Halafu nikarudia baada ya swala, mbele ya wazee, nikiwachekesha.

Gari langu linakunywa vitu viwili. Linawaka kwa petroli, esansi tunavyoiita huku, na likishapata moto linahamia gazi lenyewe. Esansi siku hizi unaitafuta kwa tochi mchana, ndiyo maana nilifunga gazi. Na Mama anakwenda hospitali mara mbili kwa juma kusafishwa damu kwa mashine. Kuna siku alikosa mara moja tu, akavimba miguu, akawa anahema usiku kucha. Sitaki kuiona tena hali ile.

Miezi miwili gari lilikwenda vizuri. Mara likagoma kuhama. Taa ya kijani ya gazi inapepesa tu, haitulii, nami nachoma esansi ya akiba. Nikabadilisha fyuzi. Nikasafisha kichujio. Nikapima tungi, limejaa. Basi nikakata hukumu: Saidi kaniharibia. Mimi ni mwalimu wa fizikia, bwana, nani ataniambia kitu?

Leo Mama alitakiwa kwenye mashine saa tano. Esansi ikatuishia Buyenzi, hatua chache kutoka garaje ya Saidi.

Nilisukuma gari mpaka pale pamoja na wapita njia, macho chini.

Fundi Saidi alimsalimu Mama kwanza, akamtolea kiti kivulini. Kisha akafungua kapo, yaani boneti, akashika mpira wa maji unaoingia kwenye kile kifaa kinachopasha gazi moto.

"Mwalimu, umetoka Ngagara na maji bado ni ya kuogesha mutoto. Termostati iko wapi?"

Lo! "Niliitoa," nikasema.

Nani Bujumbura hajaitoa? Gari likichemka kwenye foleni, kila mtu atakuambia: ng'oa kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ishike moto, maji yazunguke, kile ni cha nchi za baridi. Niling'oa mwenyewe nyuma ya nyumba, sindano ya joto ikakaa chini, nikajisifu kwa mke wangu. Kumbe gazi iliyo tungini ni maji, inataka joto ili igeuke hewa. Ikikosa joto, mfumo unakataa kuhama, na una haki ya kukataa. Hilo nawafundisha watoto kwa chaki kila mwaka!

"Kwa esansi peke yake ingekuvumilia," akasema Saidi. "Kwa gazi, apana."

Akachakura sanduku la vipuri vya magari yaliyokufa, akapata termostati moja. Ili kuijaribu akaitumbukiza kwenye sufuria ya Mama Asha, muuza chai wa pale, naye akapiga kelele kwamba maji yake ni ya chai, si ya vyuma. Maji yalipochemka, kidude kikafunguka taratibu. Mama yangu alicheka, na ilikuwa siku nyingi sijamsikia akicheka.

Saidi akakifunga, akajaza maji, akaenda ndani na kurudi na chupa ya esansi aliyojiwekea ya kuoshea vipuri. Akaimimina yote kwenye gari langu. Nikawasha. Tukasimama tunaitazama taa.

Ikapepesa, ikapepesa, ikatulia.

Mama aliwekwa kwenye mashine saa tano na dakika chache. Nilikaa nje ya chumba kile nikilia, mtu mzima na ndevu zangu.

Tulipokuwa tunarudi nilisimama garajeni. Nikamwambia Saidi yote, niliyoyaandika na niliyoyasema baada ya swala. Yeye anapangusa mikono tu.

"Mi najua. Binti yangu alinisomea siku ileile. Mama alifika kwa saa yake?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Alikuwa anajua. Alijua alipomtolea Mama kiti, na alijua alipomimina esansi yake yote.

Ijumaa baada ya swala nitasimama mbele ya wazee walewale niwaambie termostati niliing'oa mimi. Watacheka, na wacheke. Niliyoandika juma lililopita sitayafuta, yakae na haya yakae juu yake, kila mtu aone.

Ila swali moja halinitoki. Angekuwa Saidi ndiye aliyenichafua mimi, kisha akaniletea gari lake likisukumwa, ningelifungua kapo?