Nyayo za Pamba

Mangobo, Jumanne jioni

Basi si siafu waliomuuma, kama nilivyodhani jana. Leo nimemgeuza Pamba, sungura niliyepewa na mama mkwe siku ya harusi, nikaona nyayo zake za nyuma hazina manyoya. Moja ina kidonda.

Kosa ni langu. Kila asubuhi nilimwaga maji ya sabuni ndani ya kibanda chake, maana yule madame anayekagua usafi wa nyumba zetu huja bila taarifa, nami nataka Gaspard wangu ajivunie mke wake.

Jirani yangu Mama Zaina alicheka. "Mutoto, sungura haiko karani wa kuvaa viatu. Miguu iko mu maji kila siku, itaacha kuoza?"

Tulikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, tukapaka mafuta ya mawese kidogo, tukakausha mbao za kibanda na kutandika nyasi kavu, nene. Tangu hapo siwezi kukaa. Naandika mstari, nainuka kumtazama. Je, akifa, mama mkwe atasema nimeitunzaje zawadi yake?

Gaspard aliporudi nilimweleza yote huku nikilia. Hakunigombeza. Alipiga magoti na suruali yake ya ofisi, akaongeza nyasi kwa mikono ile ninayoipenda. Angenioa tena kesho, ningekubali.

"Bon," akasema, "lakini kwa mama utasema wewe, chérie."

Nitasema. Kidonda kipone kisipone, kabla mwezi haujaisha nitafika kwake Simi-Simi, Pamba akiwa kikapuni.