Shikamoo Niliyomnyima Mama Devota

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Upepo umepuliza vumbi tangu asubuhi, nguo nilizoanika zimegeuka rangi ya barabara, na mimi nimenuna tangu saa nne.

Chapati amefeli mtihani.

Naandika tena ili initoke moyoni. Mbwa wangu Chapati, yule mweupe mwenye mabaka ya kahawia, anayepokea kila mgeni wa mtaa wetu wa Ngokolo kwa mkia. Kule machimboni Geita mwizi alibeba masufuria yangu na mbwa huyu akamsindikiza mpaka barabarani! Leo amemngurumia mtu mbele ya daktari wa mifugo. Na kati ya watu wote wa Shinyanga hii, amemngurumia Mama Devota.

Kwa ambaye hajasoma humu siku za karibuni, nieleze. Mama Devota ni jirani yangu, tumepakana uzio, mtu wa rika la mama yangu mzazi. Mwezi huu ulipoanza alisimama kwenye mkutano wa mtaa, akapandisha gauni mpaka chini ya goti, akaonyesha kidonda, akasema Chapati kamng'ata. Uongo mtupu! Nilikuwa dirishani kwenye cherehani yangu, nikamwona kwa macho haya akiuruka uzio wangu kumfukuza kuku wake, mguu ukanasa kwenye seng'enge. Chapati alichofanya ni kumfuata akitaka kumlamba. Halafu jamani, mtu aking'atwa na mbwa hukimbilia hospitali kuchomwa sindano. Yeye alikimbilia kwa mwenyekiti wa mtaa.

Tena hata hilo silo lililoniuma sana. Kilichoniuma ni alivyomalizia. "Huyo ni mbwa wa machimbo," alisema, "hatujui alikula nini huko." Alimtaja mbwa, macho akanikazia mimi. Miaka minne nimewapikia wachimbaji ugali na maharage pembeni ya maduara yao, mashimo ambayo mtu anashuka asubuhi hajui kama atapanda. Nimerudi mjini na cherehani, na mbwa, na heshima yangu. Watu wakacheka. Najua aliyecheka ni nani na nani, na sijamsahau hata mmoja.

Mwenyekiti akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Ama nilete cheti cha daktari kwamba mbwa amechanjwa na ana tabia njema, ama Chapati achomwe sindano asiamke tena. Mwezi unaisha Jumapili ya wiki ijayo.

Tangu siku ile sijampa Mama Devota shikamoo. Hata moja.

Huku kwetu, mtu wa umri wangu kumpita mama mtu mzima kimya ni tusi, na nilitaka liwe tusi. Nikifika mlangoni kwake nilikuwa napunguza mwendo makusudi, nisikose kuonekana kwamba nimenyamaza.

Na nikaanza kumfundisha Chapati. Nilimfundisha kwa dagaa: kaa, dagaa, ngoja, dagaa, njoo, dagaa. Nilimpitisha sokoni, katikati ya mbuzi, kwenye kelele za bodaboda, mpaka akajua kutembea kando ya goti langu bila kuvuta kamba. Lakini lazima niseme ukweli, kila nilipomwambia "kaa" nilikuwa naiona sura ya Mama Devota siku ya cheti, imemshuka, hana pa kuiweka. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaniamsha alfajiri.

Leo basi tukaenda Ibadakuli, kwenye uwanja wa kliniki ya mifugo. Mwenyekiti alikuja kama shahidi. Mama Devota alikuja kama mlalamikaji, kapiga kitenge kipya utadhani kuna harusi.

Chapati alifanya maajabu. Alitembea vizuri, akakaa, akangoja mpaka nilipomwita kutoka mwisho wa uwanja. Msaidizi wa daktari akaangusha sufuria nyuma yake, hakushtuka. Amekulia kwenye milipuko ya baruti, sufuria itamtisha nini? Wakamwekea sahani ya dagaa puani, nikasema acha, akaacha. Udenda unamtoka, lakini akaacha. Mwenyekiti mwenyewe akasema, "Aisee, huyu ana adabu kuliko sisi."

Kikabaki kipengele cha mwisho. Mgeni anakuja, anasalimiana na mwenye mbwa, wanapeana mikono, na mbwa muda wote anabaki amekaa. Mgeni alikuwa awe yule msaidizi.

Hapo ndipo nilipojiponza mwenyewe.

Nikanyoosha mkono. "Daktari, mgeni awe Mama Devota." Nilitaka aje kwa miguu yake mpaka mbele ya meno anayosema yamemng'ata, mbwa akae tu ametulia, na mwenyekiti aone. Nilikuwa nimeiwaza dakika ile mwezi mzima.

Daktari akasema haina shida, msalimiane kama mnavyosalimiana siku zote.

Mama Devota akaja, akasimama, akangoja. Anangoja shikamoo, na kila mtu pale uwanjani anajua mimi ndiye wa kuitoa. Ikagoma kutoka. Mwishowe nikaitoa, lakini kwa kusaga meno, na kumbe mkono wangu ulikuwa umeshaikaza kamba. Chapati akanitazama mimi kwanza. Kisha akamtazama yeye. Kisha akasimama, akatoa mngurumo ambao sijawahi kuusikia tangu nimwokote.

"Wabeja sana, daktari," Mama Devota akashukuru kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu aliyehudumiwa vizuri dukani. "Mimi sina la kuongeza."

Nilitamani nimrarue kile kitenge.

Daktari akaniita pembeni. "Mama Neema, mbwa hana tatizo. Wewe ulishamwambia kwa kamba kwamba huyu ni adui, kabla mama wa watu hajafungua mdomo." Amenipa nafasi moja, Jumamosi ijayo, kipengele kilekile. Nikamwomba basi abadilishe mgeni. Akakataa. Eti mgeni nilimchagua mwenyewe, na ndiye mbwa atakayeishi naye.

Tangu turudi nyumbani nimekuwa nafanya mazoezi kama kichaa. Nimelifunga pipa la maji kitenge liwe Mama Devota, nikasimama mbele yake na Chapati, nikasema shikamoo. Akainuka, manyoya ya shingo yamesimama. Nikarudia nikitabasamu. Akainuka. Nikarudia kwa sauti ya kanisani. Akainuka tena, nikalirushia pipa kandambili.

Mara ya nne nilikuwa nimechoka. Nikamkumbuka bibi yangu, Mungu amrehemu, nikapiga goti kama alivyonifundisha. Shikamoo bibi. Chapati akakaa chini, tena kwa kujiachia, mkia unafagia vumbi.

Kwa hiyo anajua. Mwenyekiti nitamdanganya, daktari labda, mtaa mzima nitaudanganya. Huyu simuwezi.

Basi niandike na lile ambalo sijawahi kuliandika humu. Uzio ulikuwa na mstari mmoja tu wa seng'enge. Wa pili niliuongeza mimi, baada ya kumwona Mama Devota akikatiza uani kwangu kwenda bombani bila hata hodi. Nilijua utamkwaruza. Nilitaka umkwaruze. Mama Devota bado ni mwongo, na bado sijamsamehe, ila kile kidonda alichokionyesha mkutanoni nilikitengeneza kwa plaizi yangu.

Kesho kabla ya kanisa nitapita mlangoni kwake na Chapati, nitapiga goti mpaka vumbini, watu wakiona. Shikamoo mama. Keshokutwa tena. Kila siku mpaka Jumamosi, na kila siku atalazimika kusema marahaba, apende asipende. Na cheti nikikipata nitakibandika getini, usawa wa macho yake, akisome kila anapokwenda kuchota maji.

Sasa hivi nimetoka na plaizi, nimeukata ule mstari wa pili. Si kwa ajili yake, asije akajidanganya. Ni kwa sababu nina siku saba tu za kumwokoa mbwa ninayempenda, na yeye hadanganyiki. Wakati naikunja ile waya Chapati alikuja akakaa kando yangu, bila kuambiwa, bila dagaa.

Lakini hebu nijiulize: kesho huyo mama akiniitikia marahaba kwa moyo mweupe, hasira yote hii nitaipeleka wapi?