Kinanda Kimechukua Besi Yangu Wiki Tatu Kabla ya Jubilei

Mshauri wetu, nisaidie kabla sijaamua vibaya: Jumapili tarehe 17 Mei Papa Ndizeye, kiongozi wa kwaya yetu hapa Kamembe, alisema mbele ya waimbaji wote kwamba siku ya jubilei ya parokia hakutakuwa na gitaa la besi, sauti za chini zitapigwa na Chloé, mpiga kinanda wetu, kwa mkono wake wa kushoto, nami nikabaki nimesimama na gitaa shingoni kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, nauza vitenge katika soko la Kamembe, na huu ni mwaka wa sita napiga besi, Jumamosi na kwaya, Jumatano navuka mto Ruzizi, mpaka wetu na Kongo, kufanya mazoezi na orkesta ya rumba inayopiga kwenye harusi, na kote naona ninachukiwa. Jumatano tarehe 6 mkuu wa orkesta, Parfait, alisimamisha wimbo akaniuliza, "Charlotte, tuko kwenye ndoa ao kwenye matanga? Bantu banakuya kucheza, wewe unabalalisha!" wote wakacheka, basi nikajirekebisha, Jumamosi tarehe 9 nikaichangamsha besi ikaruka vizuri, Papa Ndizeye akasema, "Maman, hii ni kanisa, haiko nganda ya bia," nikajirekebisha tena, nikatuliza vidole, na Jumatano tarehe 13 Parfait akaniuliza kama nimekuja na padri, nikachangamka upya, na tarehe 16 ndipo kwaya ikaharibika katikati ya Utukufu, hata Mzee Kamali wa sauti ya nne, ile ya chini kabisa, anayeketi karibu na spika yangu na ambaye nadhani masikio yamemchoka, akanigeukia: "Maman, ukiruka na sisi tunaruka, kisha tunaanguka bote." Nimefikiri ni kwa sababu mimi ni mwanamke, nimefikiri ni kwa sababu ninatoka ng'ambo, sasa nafikiri kuacha muziki kabisa, kwani besi nani anaisikia? Namba ya Papa Ndizeye nimeiandika chini, ukitaka muulize. Je, niache?

Charlotte, Kamembe

Charlotte,

Usiache. Papa Ndizeye nilimpigia simu Jumanne tarehe 19, saa nne asubuhi. Nilimuuliza kama tatizo ni mwanamke au ni mpaka. Alicheka. "Nusu ya kwaya ni banamama, na muke wangu mwenyewe ni wa Bukavu," alisema. "Vidole anavyo. Shida, anasahau kama yuko wapi."

Nimezipanga tarehe zako kwenye karatasi. Fanya hivyo nawe. Kosa ambalo Parfait alikukemea Jumatano, ulilirekebisha Jumamosi mbele ya Ndizeye. Alilokukemea Ndizeye, ukaenda kulirekebisha kwa Parfait. Kwa siku kumi kila mmoja amemeza dawa ya mwenzake. Hakuna anayekuchukia, umekuwa ukimtii mtu ambaye hayupo chumbani. Sokoni humkatii mteja wa leo kitenge kwa kipimo cha mteja wa jana.

Kwenye rumba kazi yako ni kuzungumza na ngoma na kuacha nafasi ili kiuno cha mchezaji kiingie, na wimbo ukifika kwenye sebene, pale ambapo wote wanainuka, ruka upendavyo. Parfait akitaka reggae, besi ndiyo itakayobeba wimbo, magitaa mengine yanakatakata juu yake tu. Kwenye ngoma za Kinyarwanda, miguu ya wachezaji imeshashika mdundo wa chini, kwa hiyo gusa kidogo, kisha nyamaza. Kwenye misa, besi ni sakafu. Shika noti mpaka mwisho wake, kwa sababu kuna watu waliosimama juu yake.

Hapa nakulaumu. Umeuliza nani anaisikia besi, wakati jibu ulikwisha kuliandika mwenyewe. Mzee Kamali anaisikia. Wazee wa sauti ya nne hawasomi noti. Wanaipata sauti yao kwenye spika yako, ndiyo maana wanaketi hapo. Ndizeye amelithibitisha, akaongeza jambo ambalo hukulitaja: Jumapili, Chloé alipojaribu kwa mkono wa kushoto, wazee walipotea kwenye mstari wa pili. Kinanda kinasikika upande wa wanawake tu.

Basi wiki hii nenda kwa Mzee Kamali, mwombe radhi kwa kumdhania masikio yamemchoka, uimbe naye sauti ya nne bila gitaa mpaka uijue kwa mdomo. Jumatano tarehe 27 piga rumba kama Parfait alivyotaka. Ukivuka daraja kurudi, mwache Parfait ng'ambo.

Ndizeye amekubali kukusikiliza mara moja tena, Jumamosi tarehe 30 Mei, saa tisa alasiri, ukumbi wa parokia. Ni wimbo mmoja, Utukufu, na Chloé atatumia mkono wa kulia tu. Mzee Kamali ameombwa aketi mahali pake.