Kadi ya Senge Imefungiwa Sandukuni

Jumatano, Novemba 1979

Mvua imekatika saa nane, jua limetoka kali na udongo unafuka mvuke. Mimi nimekasirika tangu asubuhi. Shule imefungwa kwa sababu kesho madarasa yetu yatakuwa vituo vya kupigia kura. Naandika upesi kabla mama hajaniita kusonga ugali.

Tangu siku za kuandikisha wapiga kura, mimi na rafiki yangu Robina tumekuwa tukizunguka kwetu Bukhayo nyumba kwa nyumba, kila Jumamosi, kuwahimiza watu. Sisi wenyewe hatuna kura, tuko kidato cha pili. Lakini mwalimu wetu wa historia alisema anayejua kusoma ana kazi ya kufanya hata kabla ya kufika umri. Wanawake wengi tuliowapeleka kujiandikisha walikuwa hawajawahi kushika karatasi yenye jina lao. Senge, dada ya baba yangu, aliipokea kadi yake ya kura kwa ncha za vidole kama sahani ya moto.

Tuliwaambia wote neno moja: iwekeni mahali salama.

Hilo ndilo kosa letu.

Leo tulipita tena kuwakumbusha waje na kadi kesho. Nyumba ya kwanza, mama akasema kadi iko kwa bwana. Ya pili, vivyo hivyo. Kufika ya tano, Robina akaacha kuuliza. Huku kwetu kila nyumba ina sanduku moja la bati. Humo hukaa vyeti vya ubatizo, stakabadhi za kodi na kitabu cha mauzo ya pamba, na ufunguo hukaa kwenye mshipi wa mwenye nyumba. Tuliposema mahali salama, wanawake walielewa sanduku. Walipeleka kadi wenyewe, kwa mikono miwili. Hakuna aliyewanyang'anya.

Naona aibu kuandika kwamba nilimlaumu senge. Nilimwuliza kwa nini ametoa kadi yake. Alikuwa anapepeta wimbi na hakuacha.

"Si ni wewe ulisema niweke mahali salama," alisema. "Katika nyumba hii mahali salama ni wapi, mtoto wangu? Kwa chungu?"



Bwana yake hupakua mizigo ya malori kule mpakani Malaba. Aliporudi saa tisa nilimwamkia, kisha nikamwomba, kwa heshima yote niliyofundishwa, ampe senge kadi yake leo. Alicheka. Akamwambia senge mwalimu wa kura amefika, apewe kiti. Halafu akaeleza bila ukali wowote, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba nyumba yake inachagua jembe. Wagombea wetu wana alama, mmoja jembe na mwingine taa. Senge anataka taa, maana mtu wa taa ndiye peke yake aliyeshuka hadi mtoni akawauliza wanawake wanajifungulia wapi.

"Kadi zikikaa pamoja, kura zinakaa pamoja," mzee alisema. Senge atapewa yake kesho mlangoni mwa darasa, baada ya kukumbushwa.

Baada ya kukumbushwa!

Mama wa watoto saba, anayejua mpaka wa kila shamba hadi kwa jirani wa tatu, akumbushwe mlangoni kama mtoto anayetumwa dukani. Na mzee huyu si mtu mbaya. Hajawahi kumpiga, na binti zake wote anawasomesha. Hilo linanikasirisha zaidi, kwa sababu hata kumchukia siwezi.

Niliaga. Senge alinisindikiza hadi kwenye ua wa mikonge, na hapo akaniuliza jambo ambalo hakuwa ameuliza siku zote hizo.

"Huko nyuma ya pazia la kupigia kura tunaingia watu wangapi?"

Nikamwambia ni mmoja. Hata bwana haruhusiwi, hata chifu.

"Na karatasi yangu wakiifungua, watajua ni yangu?"

Nikamwambia haiandikwi jina.

Akafunga leso yake vizuri kiunoni. "Basi nenda, mama yako asingoje," akasema, na akarudi kwenye wimbi lake.

Bado nina hasira. Darasani hatukufundishwa kwamba haki ya mtu mzima hukaa kwenye mshipi wa mwingine, wala kwamba senge atahitaji pazia ili awe na neno lake mwenyewe. Mbona asiliseme hapo nyumbani, mchana, mbele ya kila mtu? Uchaguzi ujao nitawauliza wanaume swali hilo kwanza, kabla ya kwenda kwa wake zao.

Lakini kesho asubuhi watafika pale mlangoni. Mzee atafungua mkono, atampa kadi, atamkumbusha. Senge ataitikia kwa heshima. Kisha ataingia, na mzee atabaki nje.