Uvimbe wa Feresita si ukoma

Walikale, Alhamisi

Dada Venansiya,

Daktari ametamka asubuhi hii kwamba uvimbe wa mgongoni mwa Feresita ni mafuta tu, si ukoma, na amekwisha kuutoa. Hakuna atakayempeleka mwanao kwenye kambi ya wakoma.

Lakini wewe nusura utuponze. Daktari alimchoma sindano pale kwenye uvimbe, kwa sababu ngozi yenye ukoma haisikii kitu. Feresita akakaa kimya kama bibi arusi. Akamchoma tena, kimya. Uso wa daktari ukabadilika. Nikamwinamia mtoto: "Huumii?"

Akanong'ona, "Inauma sana, mujomba. Mama alisema nisilie mbele ya watu."

"Leo mama anakuruhusu."

Kwa sindano ya tatu alipiga kelele hata wagonjwa waliokuwa barazani wakasimama. Muuguzi akacheka: "Daktari, huyu mutoto iko muzima kabisa!"

Baada ya kushonwa alitaka kuuona uvimbe wenyewe. Akautazama sana kwenye sahani. "Njo hii tu? Iko kama siagi ya bibi, lakini ya bibi iko muzuri zaidi."

Mvua ya huku haikatiki, na maziwa hakuna. Feresita anakula ndizi na samaki wa mtoni, kisha anaomba tena. Nawatakia usingizi mzuri wewe na shemeji, maana najua hamjalala.

Nyuzi zitatolewa Jumamosi ya juma lijalo, na mchana wake tunapanda lori la Masisi kurudi nyumbani.

Kaka yako,
Leonidasi