Kupenda kwa Spika

Jumatatu, 5 Agosti

Leo nimemkuta mwanangu kwenye simu ya kazi. Si kumpigia — kumkuta. Mkandaji mwenzangu kaniingiza kwenye kundi lao la habari za ajabu za sayansi, kwa laini ya duka la mikate, maana yangu haina bando. Humo kila mtu ana jina la kubuni. Nikajiita Hamira. Kuperuzi kidogo, namwona mtu anaitwa Sisimizi, picha yake kikombe cha bluu kilichokatika mkono. Kikombe changu! Aliondoka nacho alipokwenda kuanza kazi ya maabara. Na jina hilo nilimpa mimi, akiwa mdogo, kwa kulala kifudifudi uani akiwatazama sisimizi.

Walikuwa wanamzungumzia pweza. Eti ana mioyo mitatu. Mmoja akauliza, basi akiachwa anaumia mara tatu? Sisimizi akajibu kwamba mmoja husimama akiogelea, ndiyo maana anapenda kutambaa, hataki presha za watu. Wamecheka hoi. Nimewaonyesha wote pale tanurini, mpaka dereva wa unga. Nani mwingine ana binti wa namna hiyo?

Kwangu huandika, "Niko sawa mama, nina kazi." Basi. Kama risiti.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeuliza kundini kwa nini donge huumuka haraka siku ya joto. Jibu ninalo, nimekanda tangu kabla hajazaliwa. Nilitaka tu anijibu. Kanijibu aya tatu! Vijidudu vinakula sukari, vinatoa hewa, joto linavichangamsha. Na mwisho: "Mama Hamira, wewe ni mwanasayansi, hawajakuambia tu." Nimesoma nimesimama na trei mkononi, mikate ikaungua. Msimamizi kafoka. Afoke.

Jioni nikampigia kwa laini yangu. Yuko kazini, atanipigia. Hakupiga.

Hamira kapata aya tatu. Aliyemzaa kaambiwa asubiri.

Alhamisi, 8 Agosti

Sijui niandikeje.

Leo habari ilikuwa hii: mtoto akiwa tumboni, chembe zake hupita zikaingia kwenye damu ya mama, na nyingine hubaki humo miaka na miaka. Anazaliwa, anakua, anaoa — bado yumo. Mmoja akasema, kumbe mama mkwe anaye mume wangu mwilini, ndiyo maana hataki kuniachia. Mwingine: mwambie akuletee nusu yako. Nami nikacheka.

Sisimizi akauliza, hata mimba iliyoharibika? Anayejiita Darubini, mwalimu mstaafu, akajibu kwamba utafiti unaonyesha hata hiyo inaweza kuacha chembe.

Kisha Sisimizi akaandika: "Basi wangu bado yupo. Nilimpoteza mwezi wa nne."

Watu wakampa pole. Mmoja akauliza kama nyumbani wanamsaidia. Akajibu: "Anajua mume wangu tu. Mama sijamwambia. Mama yangu ananipenda kwa spika. Angejua yeye, ungejua mtaa mzima."

Nikatuma pole, kama wengine. Pole ya Hamira.

Mwezi wa tano alikuja nyumbani. Alilala sana, nikadhani kazi imemchosha. Nikaita majirani waje wamwone mtu wa maabara. Akaamka, akavaa, akakaa nao sebuleni akitabasamu.

Ijumaa, 9 Agosti

Mkandaji: "Haya, Sisimizi wetu kasema nini jana?"

Nikamwambia sijui, macho yananisumbua. Yeye naye hakuingia kundini jana, mwanawe alikuwa na homa. Akasema atasoma baadaye. Nikamwambia futa tu, ni mambo ya pweza yale yale. Kanitazama kama mtu aliyeona kuku ana meno.

Nimetia chumvi mara mbili kwenye donge.

Ninaye na mimi, basi. Yumo kwenye damu yangu, labda kwenye goti hili linaloniuma. Huko ndani kote, na bado hakuniambia.

Jumamosi, 10 Agosti

Sisimizi kaniandikia pembeni, nje ya kundi.

"Mama Hamira, samahani kukusumbua. Mama yangu naye ni mpika mikate, ndiyo maana nakuuliza wewe. Ingekuwa binti yako, ungetaka akuambie?"

Niliandika, "Ninaye mmoja tu, bingwa, hakuna kama yeye." Nikafuta. Niliandika, "Mwanangu, ni mimi." Nikafuta hilo haraka zaidi. Akijua nimemsikiliza dirishani siku zote hizi, atafunga na dirisha.

Nikatuma: "Ningetaka."

Akajibu, humjui mama yangu. Nikamwandikia, mjaribu. Kisha: "Nitampigia kesho saa tisa, akitoka tanurini."

Jumapili, 11 Agosti

Mkandaji kaja hadi mlangoni. "Dada, kuna nini, mtu wa maabara kapata tuzo?" Nikamwambia kichwa kinauma. Akasema kichwa chako hakijawahi kukuzuia kusema. Nikafunga mlango.

Nimejizoeza. Atasema, mama, nina jambo. Nitasema, nakusikiliza mwanangu. Hilo tu. Nisilie kwa sauti, na majirani tunatenganishwa na ukuta mmoja. Nisijifanye nimeshtuka sana. Nisimsifu. Hata hapa ulimi unawasha: kaubeba mzigo huo peke yake na kazini hakukosa, watoto wangapi wanaweza hivyo, mie mwanangu —

Haya. Ndiyo hiyo spika.

Saa tisa imefika. Simu zote mbili ziko kitandani, ya kazi nimeondoka nayo dukani. Ya kazi ndiyo imewaka kwanza. "Mama Hamira, nimeshika simu, naogopa. Niambie kitu chochote, hata cha pweza."

Nimemwandikia: "Piga tu, mwanangu." Mwanangu. Neno hilo huandikwa na kila mtu mzima, halimaanishi kitu.

Saa tisa imepita.

Ya kazi inaonyesha Sisimizi anaandika. Anaacha. Anaandika tena. Yangu iko kimya, kioo cheusi, najiona humo na mdomo wangu.